Maji ya Moto Karibu na Gare

Bibiane alipoamua kuuza vitumbua, nusu ya wanawake wa mtaa wa Kataki, mjini Kalemie, walikuwa tayari wanauza vitumbua. Na hiyo ndiyo sababu aliamua. Alimwona Mama Domitille, jirani yake wa ua kwa ua, akirudi kutoka gare, stesheni ya treni, na beseni tupu kichwani, anaimba, akajiambia: kama yeye anaweza, na miye naweza.

Haikuwa mara yake ya kwanza kufikiri hivyo. Aliwahi kuuza chumvi kwa sababu dada yake alikuwa anauza chumvi kule Uvira. Alifuga kuku kwa sababu mke wa katekista alifuga kuku; ugonjwa ukaingia wakati wa mvua, wakafa wote. Aliuza ndakala wakavu, wale dagaa wa ziwani, katika mji ambao kila nyumba ina mjomba au shemeji mvuvi. Mume wake, Jérôme, aliyebeba mizigo bandarini, hakumcheka. Alikaa tu mezani akala kilichobaki.

"Kila biashara yako inakuja kuishia mu tumbo yangu," alimwambia siku moja, akipapasa tumbo lenyewe. "Siku moja uuze nyama ya ng'ombe, basi."

Wote wawili walikuwa Wabembe, watu wa ufuko wa kaskazini wa ziwa, waliokuja Kalemie pamoja Jérôme alipopata kazi. Miaka ile ya Zaïre majina ya ubatizo hayakuruhusiwa kwenye karatasi za serikali, kwa hiyo kitambulisho cha Bibiane kilikuwa na jina la bibi yake mzaa baba. Lakini uani, sokoni na kanisani alikuwa Mama Bibiane, na hakuna askari aliyewahi kufika hadi uani kumsahihisha.

Basi akauza vitumbua. Mama Domitille mwenyewe ndiye aliyemfundisha kupima unga na kuacha donge liumuke, bila choyo, kwa kuwa treni ilipofika ilileta watu wengi kuliko vitumbua vya mji mzima. Tatizo lilikuwa hilo neno "ilipofika". Treni ya kutoka Kabalo ilitangazwa Jumanne. Bibiane akaamka na alfajiri, akakaanga beseni zima, akaenda gare. Treni haikuja. Jumatano haikuja. Alhamisi mtu wa gare alisema injini iko Niemba inatengenezwa, na Bibiane akarudi nyumbani na vitumbua vilivyokuwa vigumu kama mawe ya mto Lukuga. Jérôme akavila kwa chai jioni hiyo na asubuhi yake, mpaka akaomba kwa upole apewe ugali.

Ijumaa mchana, wakati hakuna aliyeitazamia, honi ikalia. Bibiane alikamata beseni la vitumbua vya Jumanne vilivyobaki akakimbia. Domitille, ambaye alikuwa na uzoefu, hakuwa amekaanga chochote tangu Jumanne. Aliposikia honi ndipo alipomimina mafuta kwenye kikaango, na wakati abiria wanateremsha mizigo yao, yeye alikuwa ameshafika na vitumbua vya moto vinavyotoa harufu hadi kwenye mabehewa. Ndani ya muda mfupi beseni lake likawa tupu. La Bibiane halikupungua hata kitumbua kimoja. Mzee mmoja alikibonyeza kitumbua kwa kidole, akamtazama kwa huruma, akaenda zake.

Watu walipopungua, kijana mmoja akamsogelea. Uso, shingo, mikono na hata kope zake vilikuwa vyeusi kwa vumbi la makala, yaani mkaa. Kichwani alibeba sanduku dogo la bati lililofungwa kwa kamba.

"Kitumbua, papa?" Bibiane akauliza, bila matumaini.

"Hapana, mama. Miye sitafuti chakula. Naomba maji tu ya kuoga."

"Ziwa si ile pale?"

Kijana akageuka kulitazama ziwa. Ufukoni wanawake walikuwa wanaosha vyombo na watoto wanaruka majini. "Mama, pale ufukoni njo nyumba ya wakwe zangu. Wananingojea tangu Jumanne. Wakiniona niko uchi mu maji yao, nitaenda kuomba bibi namna gani?"

Bibiane akacheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Kijana akamweleza: jina lake Hippolyte, ametoka Nyunzu, anakuja kutoa mahari. Behewa la watu lilikuwa limejaa, akapanda la mizigo, akalala juu ya magunia ya makala safari nzima. Ndani ya sanduku kulikuwa na abakosti, ile suti ya Zaïre isiyovaliwa tai, mpya, safi, lakini iliyokunjwa siku hizo zote hata ikafanana na ramani ya milima.

"Kuja," Bibiane akasema.

Nyumba yao ilikuwa nyuma tu ya gare, na uani kulikuwa na bafu la matete, sakafu ya mawe bapa ambayo Jérôme aliipanga mwenyewe. Bibiane akawasha mbabula, jiko lake la mkaa, akachemsha maji, akachanganya kwenye ndoo. Hippolyte akaingia na kipande cha sabuni ya mawese. Maji yaliyotoka chini ya matete yalikuwa meusi, kisha ya kijivu, kisha akaomba ndoo ya pili. Wakati anaoga, Bibiane akatia makaa ndani ya pasi, akanyunyiza maji juu ya abakosti, akainyoosha mpaka mikunjo ya suruali ikasimama yenyewe.

Kijana aliyetoka bafuni hakuwa yule aliyeingia. Domitille, aliyekuwa anachungulia juu ya ukuta, alisema kwa sauti kubwa: "Ee! Kumbe ndani ya makala mulikuwa muntu!"

Hippolyte alitaka kulipa. Bibiane akakataa, kwa sababu nani anauza maji? Kijana akamwachia sabuni iliyobaki, akaenda kwa wakwe zake akitembea taratibu, anaruka kila penye vumbi.

Kesho yake, Bibiane akiwa anafagia, msichana mmoja akapiga hodi. Alikuwa mrefu, amevaa kitenge kipya, na uso wake ulikuwa unajizuia kucheka.

"Ni wewe, mama, uliyemuosha bwana wangu?"

"Sikumuosha miye! Alijiosha mwenyewe!" Bibiane akapiga kelele, na upande wa pili wa ukuta Domitille akaangusha sufuria kwa kicheko.

Msichana ndiye alikuwa Lucie, mchumba wa Hippolyte. Alikuja na kuku mkononi, zawadi kutoka kwa baba yake, Papa Mwamba, fundi wa cherehani aliyejulikana mji mzima kwa kutompenda mtu mchafu. "Baba alikuwa amekasirika kwa kungoja," Lucie akasimulia. "Alisema akifika tu atamwambia arudi na treni ile ile. Halafu akamuona kwenye mulango. Akainama akashika suruali, akaangalia mukunjo. Akasema: muntu anayetoka mu treni ile akiwa hivi, mutoto wangu atakuwa salama kwake."

Lucie alipoondoka, Bibiane alibaki amesimama na ufagio. Kuku alijinasua kamba ya miguu na kwenda kulala chini ya meza, na Bibiane hakumwona. Usiku wa jana alikuwa amefikiria kurudi kwenye chumvi. Sasa kitu kingine kilikuwa kinamzunguka kichwani, na kwa mara ya kwanza hakikuwa kitu alichokiona kwenye beseni la mtu mwingine.

Jioni akamwambia Jérôme.

"Kuoga?" Jérôme akauliza. "Watu walipe kwa kuoga? Na ziwa kubwa namna hii, Mungu ameliweka bure?"

"Ziwa haina pasi," Bibiane akajibu.

Jérôme akala matonge mawili. Kisha akasema, "Na haina mulango pia."

"Njo hivyo."

Lakini Bibiane alikuwa ameshaumia mara nyingi, na safari hii hakutaka kukurupuka. Treni iliyofuata ilipofika, alikwenda gare mikono mitupu. Aliketi juu ya gogo karibu na mlango wa kutokea, akasikiliza. Alitaka kujua jambo moja tu: mtu akishuka, neno la kwanza linalomtoka mdomoni ni lipi?

Wengi walisema majina ya jamaa zao. Lakini wale wasiopokelewa na mtu waliuliza mambo yale yale. Choo kiko wapi? Nitaweka wapi mizigo hii hata niende bandarini? Meli ya Moba inaondoka lini? Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni aliuliza tu, bila kumwelekea mtu, "Maji, jamani, maji iko wapi?" Hakuna hata mmoja aliyeshuka akisema: natafuta kitumbua. Walinunua vitumbua kwa sababu vilikuwa mbele yao na vilinukia vizuri, lakini walichokuwa wanakitafuta hakikuuzwa na mtu yeyote.

Alirudi nyumbani anatembea haraka. Mwezi ule Jérôme, kila alipotoka kazini, alifyatua matofali. Wakajenga vyumba viwili vya kuogea, kimoja cha wanawake na kimoja cha wanaume, na kibanda cha kuwekea mizigo chenye mlango wa kufuli. Pipa la mafuta likakatwa katikati likawa chungu cha kuchemshia maji. Bibiane alijifunza kupika sabuni ya mawese kutoka kwa mama mmoja wa parokia, akaikata vipande vidogo, kila kipande kwa mtu mmoja.

Siku ya kufungua, alisimama gare akapaza sauti: "Kuoga! Kuja muoge! Kuoga huku!"

Watu wakageuka. Mama mmoja mnene, mfanyabiashara aliyetoka Kabalo na magunia ya mahindi, akaweka mikono kiunoni. Aliitwa Émérence, na wapagazi wote wa gare walimwogopa.

"Unasema nini, wewe? Unasema nanuka?"

"Hapana, mama, siyo wewe..."

"Miye peke yangu njo niko mbele yako! Umeniangalia, ukasema kuoga!" Akawageukia abiria wengine. "Muliskia? Anasema wote tunanuka!"

Abiria wakaguna. Mmoja akanusa kwapa lake kwa siri. Bibiane alitaka ardhi impasukie. Akatazama lile gauni la Mama Émérence, libaya la kitenge cha bei ambacho safari ilikuwa imekikunja vibaya, na jibu likamjia lenyewe.

"Mama, miye nilitaka kukuambia tu niko na pasi ya moto. Libaya nzuri kama hiyo, ukiingia nayo mu soko ikiwa imekunjamana, wanunuzi watafikiri bei inaweza kushuka."

Mama Émérence akajitazama. Akavuta pindo la gauni. "Pasi iko mbali?"

"Nyuma tu hapa. Na wakati nguo inanyooshwa, maji ya moto iko, kama mama anataka kupumzika miguu."

Mama Émérence alipumzisha miguu, kisha mgongo, kisha mwili mzima. Alikaa bafuni hadi watu wa foleni wakaanza kugonga ukuta, na akawajibu kwa wimbo wa kanisani. Alipotoka, alisimama katikati ya ua, amenyooka, anang'aa, akawaambia waliokuwa wanasubiri, "Muingie. Huyu mama hajatukana muntu."

Tangu siku hiyo Bibiane hakutamka tena neno "kuoga" gare. Alipaza sauti: "Maji ya moto! Pasi ya moto! Mizigo inalindwa!" na watu walimfuata. Waliotoka bafuni walikuwa na njaa, na hilo Domitille aliliona kabla ya mwingine yeyote. Alihamisha kikaango chake hadi langoni kwa Bibiane. "Sasa siendi tena gare," alisema. "Gare inakuja kwangu."

Wakaenda hivyo kiangazi chote. Kisha mvua zikaja, kubwa kuliko za kawaida, maji yakala udongo chini ya reli mahali fulani upande wa Nyunzu, na treni ikasimama. Wiki ya kwanza Bibiane alichemsha maji kwa mazoea. Wiki ya pili hakuwasha moto. Alikaa kwenye benchi la uani, anatazama vyumba vyake viwili vya matofali, na ile hofu ya zamani ikamrudia: labda ni kuku wengine tu hawa, wamekufa kwa ugonjwa mwingine.

"Chumvi bado inauzwa," alimwambia Jérôme kwa sauti ndogo.

"Ngoja," Jérôme akasema. "Miye bado sijaila hii biashara."

Katika siku hizo hizo ndoa ya Hippolyte na Lucie ilifika. Hippolyte alikuwa amebaki Kalemie tangu mahari, akisaidia dukani kwa Papa Mwamba, kwa hiyo mvua haikumzuia. Lakini nyumba ya Papa Mwamba ilijaa mashangazi kutoka Moba na Kirungu, kila chumba na kila kona, na mvua ilikuwa imegeuza njia yote kuwa tope. Asubuhi ya arusi Lucie akaja mbio, kanga kichwani.

"Mama Bibiane, nyumbani hakuna nafasi hata ya kunawa uso. Mashangazi wako kwenye bafu tangu jogoo. Tunaweza kuja hapa? Miye na wasichana wangu?"

"Muje wote!"

Wakaja wote. Bibi arusi, wasimamizi wake, halafu mashangazi wenyewe waliposikia, halafu Hippolyte na rafiki zake upande wa wanaume. Moto ukawashwa, pipa likachemka, pasi mbili hazikupoa. Wasichana walisukana nywele kwenye benchi, wanaimba nyimbo za arusi huku mvua inapiga bati, na Domitille akakaanga bila kuulizwa. Mpiga picha Pascal, ambaye alikuwa ameahidi kuwangojea kanisani, alikuja kutafuta kulikoni. Alipoona bibi arusi anatoka mlangoni amevaa nguo nyeupe, hana hata tone la tope, alifungua mashine yake, akampiga picha papo hapo.

"Mama," alimwambia Bibiane akiwa anafunga mashine, "unajua kazi yangu inakufa kwa nini wakati wa mvua? Watu wanakuja kwa picha wamejaa matope, wanajiangalia mu kioo changu, wanarudi nyumbani."

Bibiane alikuwa amebeba ndoo. Akaiweka chini.

Kwa miezi yote hiyo alikuwa anajiambia kwamba anauzia watu wa treni. Sasa aliwatazama mashangazi wanaojipaka mafuta, Hippolyte anayefungwa vifungo na rafiki yake, Pascal anayefuta kioo cha mashine kwa pindo la shati. Hakuna aliyekuwa ameshuka treni. Lakini wote walikuwa wanakwenda mahali watakapotazamwa. Hippolyte siku ile ya kwanza alikuwa anakwenda kutazamwa na mkwe; Mama Émérence, kutazamwa na wanunuzi. Treni ilikuwa njia moja tu ya kuwaleta.

"Papa Pascal," alisema, "mashine yako ni nzito?"

Kabla ya juma kwisha, Pascal alikuwa amening'iniza pazia lenye picha ya milima na maua kwenye ukuta wa kibanda cha mizigo. Watu waliingia kwa mlango mmoja na matope, wakaoga, wakanyooshewa nguo, wakapigwa picha, wakatoka kwa mlango mwingine wakila kitumbua. Jumamosi, baada ya kazi za Salongo, zile za lazima za kusafisha mji, mstari ulifika barabarani. Jérôme, aliyekuwa akisema kila siku kuwa pasi ni kazi ya wanawake, aliishika mara moja kumpumzisha mkewe, na ikaonekana ana mkono mzuri kuliko wote, kwa kuwa alikuwa na nguvu na hakuwa na haraka. Kabla ya mwaka huo kwisha alikuwa ameaga kazi ya bandarini. Wenzake walikuja kumcheka. Akawanyooshea mashati, wakaleta na suruali.

Reli ilitengenezwa, treni ikarudi, na wateja wa zamani wakakuta mahali pamekua.

Siku moja ya kiangazi mwanamke kijana aliyeitwa Cécile, wa Kirungu, alishuka kutoka meli ya Moba, akaoga, akakaa muda mrefu kwenye benchi bila kuondoka. Mwishowe alimfuata Bibiane kwenye pipa la maji.

"Mama, nataka kufanya kama wewe. Nikirudi Kirungu nijenge bafu kama hii. Unifundishe."

Zamani Bibiane angemfundisha kupima kuni na kukata sabuni, kama Domitille alivyomfundisha yeye unga. Akavuta benchi, akaketi naye.

"Kwenu Kirungu, muntu akifika kutoka safari, anaomba nini kwanza?"

Cécile akafikiri. "Sijui, mama. Sijawahi kuangalia."

"Nenda uangalie. Usibebe kitu cha kuuza. Ukae tu mahali watu wanapopita, usikilize. Halafu uniambie."

Msichana aliondoka amenuna kidogo, kana kwamba amenyimwa. Muda mrefu ukapita. Kisha mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe aliyekuja kutoka upande wa Moba, akiwa anangoja maji yake, akaanza kusifu mahali alipolala njiani. Alisema kule juu Kirungu, ambako baridi inaingia hadi kwenye mifupa, kuna mama kijana amejenga nyumba kubwa yenye moto katikati. Watu wanaoshuka na ng'ombe kutoka Pepa wanafika jioni wanatetemeka, naye anawapa mablanketi yaliyopashwa moto na uji wa mtama.

"Bafu hakuna?" Bibiane akauliza.

"Bafu?" Mfanyabiashara akacheka. "Mama, katika baridi ile nani anataka kuvua nguo?"

Bibiane alicheka hadi akashika ukuta. Aliwaita Domitille na Jérôme waje kusikia, akamfanya mgeni asimulie tena tangu mwanzo: moto, mablanketi, uji, watu wa Pepa. Domitille akapiga makofi. Jérôme akabaki kwenye meza ya kunyooshea, mkono juu ya pasi, akitabasamu, mpaka harufu ya kitambaa kinachotaka kuungua ikamkumbusha, akainyanyua haraka. Bibiane akajifuta machozi kwa pindo la kitenge, akachota ndoo ya maji ya moto, akampa yule mgeni.

"Hii usilipe," alimwambia. "Ingia, papa. Na ukirudi kule, umusalimie sana."